Kwa Nini Nchi Haiachi Kutafuta Rafiki Mpya

Zamani zile kila nchi ilikuwa na rafiki mmoja. Si kwamba watu walikuwa wachoyo wa urafiki. Waliamini tu kwamba rafiki wa pili ni tusi kwa rafiki wa kwanza, na mtawala aliyeonekana akipeleka zawadi upande mwingine aliulizwa na wazee wake kama yule wa zamani amekufa. Leo mambo ni tofauti. Wageni wa serikali hushuka kila mara, ngoma hupigwa, bendera mbili hupepea pamoja, na watu huguna: hawa nao wametoka wapi, na wale wa jana wamekosa nini? Swali hilo lina jibu, nalo lilianzia Uhumbi, nchi ya milimani, mwaka aliokufa Mtemi Luhende.

Wahumbi walikuwa wakulima wa mtama na maharage, watu wa maneno machache na shingo ngumu. Walikuwa na mwiko ambao hata watoto waliujua: Mhumbi hachimbi kaburi la mtemi wake. Mwiko huo waliupata kwa machungu. Vizazi vingi nyuma, wana wa mtemi mmoja walimchimbia baba yao kaburi, na kabla jua halijatua kila mmoja alikuwa akimshutumu mwenzake kwamba amechimba kwa furaha mno. Damu ikamwagika juu ya maiti. Ndipo likakatwa shauri kwamba mfiwa hashiki jembe la kaburi, na kwamba kaburi la mtemi litachimbwa na mtu asiyelia, kwa kuwa asiyelia hana la kurithi.

Mtu huyo asiyelia alikuwa Mlonge. Walonge walikaa nyuma ya mlima uleule, walilima mtama uleule, walinyeshewa na mvua ileile, nao walikuwa watani wa Wahumbi. Mtemi akifa Uhumbi, Walonge walikuja na majembe yao, wakachimba, wakala, na katikati ya kilio wakamtania marehemu kwamba alikuwa bahili maisha yake yote na hata sasa anajifanya amelala ili asiwakaribishe. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatoka. Mtemi akifa Ulonge, Wahumbi walikwenda na kufanya vivyo hivyo. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyeona kasoro.

Mwaka ule homa ilikuja mwishoni mwa kiangazi, wakati wa kusafisha mashamba. Ilimchukua Mtemi Luhende upesi. Asubuhi alikuwa akiwagombeza watu kwa sababu ya mbuzi walioingia shambani, na siku chache baadaye dada yake Nyamizi alikuwa akimfumba macho.

Nyamizi na Luhende walikuwa wa tumbo moja. Nyamizi ndiye aliyembeba Luhende mgongoni alipokuwa mchanga, na kwa desturi ya Wahumbi yeye kama shangazi ndiye angemvika mrithi shingoni simbi la utemi, lile gamba jeupe la konokono wa baharini. Mrithi alikuwa Masalu, mwana wa Luhende, kijana mpole asiyejua bado aweke wapi mikono yake mbele ya watu. Lakini simbi halivikwi mtu baba yake akiwa juu ya ardhi. Wala mbegu hazipandwi. Sheria ya Uhumbi ilisema ardhi ifunguliwe kwanza kwa ajili ya mtemi, ndipo ifunguliwe kwa ajili ya mtama. Nyamizi alimviringisha ndugu yake katika ngozi ya fahali, akawasha majani ya kufukiza, akajinyoa nywele kama mfiwa, na mjumbe akatumwa Ulonge.

Mjumbe huyo alirudi mapema mno. Nyamizi alimwona kwa mbali akipanda njia pamoja na mtu mwingine. Walipokaribia aliona kwamba wote wawili wamenyolewa vichwa. Mtu yule wa pili alikuwa mjumbe wa Ulonge. Walikuwa wamekutana penye mpaka, kila mmoja akienda kwa mwenzake na habari ileile, wakatazamana vichwa, wakaketi kando ya njia bila kusalimiana. Homa ilikuwa imemchukua Mtemi wa Ulonge pia. Walonge walikuwa wafiwa, na mfiwa hashiki jembe.

Baraza likakaa. Mzee Shigela, mkuu wa wazee wa Uhumbi, alisema watangoja. "Walonge wamalize msiba wao," alisema, "kisha waje watuzikie."

"Wamalize vipi?" Nyamizi aliuliza. "Msiba wao hauwezi kwisha mpaka sisi tukawachimbie. Na sisi hatuwezi kwenda mpaka wao waje. Kinyozi hajinyoi, Mzee wangu, na hapa vinyozi wawili wameketi, kila mmoja anangoja kunyolewa na mwenzake."

Mzee mmoja alicheka kidogo, kisha akaona aibu. Waliketi hivyo siku ile na siku zilizofuata, wakirudia maneno yaleyale, na kila walipotoka nje waliangalia mawingu upande wa mashariki. Mvua za kwanza zilikuwa zinajikusanya. Mbegu zilikuwa katika vikapu, majembe yalikuwa yamenolewa, na ardhi ilikuwa imefungwa. Nyamizi aliingia kila jioni kubadilisha majani ya kufukiza, na kila jioni ilikuwa vigumu zaidi kukaa mle ndani. Huyu alikuwa ndugu yake, na alikuwa akiharibika mikononi mwake. Alilia kwa uchungu na kwa hasira pia, maana aliona wazi kwamba nchi nzima inaweza kufa njaa kwa heshima.

Ndipo alipolitaja barazani jina la Waseto, akasema atakwenda mwenyewe kuwaomba, na wazee wakainamisha vichwa.

Waseto walikuwa wafugaji wa nyika iliyokuwa chini ya milima. Mwaka wa ukame mkubwa walipanda na ng'ombe wao hadi mto Mwanji, unaopita mpakani mwa Uhumbi, wakaomba kunywesha. Luhende aliweka watu wenye pinde kwenye kivuko. Alisema maji ni ya rafiki, na rafiki yetu ni Mlonge. Waseto walirudi nyikani, na mifupa ya ng'ombe wao ilibaki njiani ikimeta kwa miaka kadhaa. Hakuna Mhumbi aliyelizungumza jambo hilo, lakini hakuna aliyelisahau.

"Hao watakuua," Masalu alimwambia shangazi yake.

"Mjumbe hauawi," alisema Mzee Shigela.

Nyamizi alimwangalia. Usemi huo ulikuwa wa Wahumbi, na hapakuwa na mtu aliyewahi kukaa na Waseto hata ajue kama na wao wanao. Hata hivyo alishuka mlima, yeye na yule mjumbe aliyerudi mapema, bila silaha, kichwa chake kikiwa kimenyolewa ili kila atakayemwona ajue alichofuata.

Waseto hawakumuua. Walimwacha akae nje ya boma, kwenye jua, mpaka ng'ombe wote walipokuwa wamekamuliwa, kisha wakampa maziwa. Mkubwa wao aliitwa Gidamasi, mzee mrefu mwenye jicho moja jeupe. Alikuja akaketi mbele yake juu ya kigoda.

"Mama wa milimani," alisema, "siku ile tulipokuja mtoni, wewe ulikuwa wapi?"

Nyamizi alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yote yakamtoka. "Nilikuwa mlangoni kwangu," alisema. "Niliona vumbi la ng'ombe wenu likija, na nililiona likirudi. Sikusema neno."

"Kwa nini?"

"Sikuwajua, Baba."

Gidamasi aliitikia kwa kichwa polepole. "Hilo ni kweli," alisema. "Nimewaza juu yake miaka yote hii. Wale vijana wenye pinde hawakuwa watu wabaya. Hawakumjua hata mmoja wetu kwa jina, na kumnyima maji mtu asiye na jina si kazi ngumu. Sasa wewe umekuja kuomba, nami sikujui. Niambie ninyime au nitoe?"

Nyamizi alimweleza alichokuja kuomba: mtu asiyelia, wa kumzika ndugu yake. Akasema Uhumbi itafungua mto. Gidamasi alisema mto ungefunguliwa hata hivyo siku moja, kwa hiari au kwa mikuki, na si hilo analolitaka. Akasema tena kwamba kuna shida kubwa kuliko kisasi. Waseto hawachimbi ardhi. Kwao ardhi ni ngozi ya mama, ng'ombe hula juu yake, na anayeichana kwa jembe amemchana mama yake. Wafu wao wakubwa huwafunika kwa mawe.

"Basi mzikeni kwa mawe," Nyamizi alisema.

"Watu wako watakubali?"

"Watakataa kwanza."

Mzee yule alicheka kwa mara ya kwanza. Kisha akataja sharti lake. Hakutaka ng'ombe wala mtama. Alitaka mtu. Mtu wa Uhumbi aje akae nyikani, ajue majina ya Waseto na majina ya ng'ombe wao, ili siku nyingine mtu akiweka pinde kivukoni awepo wa kusema, huyo unayemlenga anaitwa fulani, na mama yake ni fulani. Naye Gidamasi angepeleka mtu wake milimani kwa kazi hiyohiyo. "Na asiwe mtoto," alisema, "wala asiwe mtu mnayetaka kumwondoa. Awe mtu ambaye pengo lake mtaliona."

Nyamizi alielewa anatajwa nani. Aliomba kwanza amzike ndugu yake na kumvika mwanawe simbi. Gidamasi alimkubalia.

Waseto walipanda mlima wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jiwe begani, jiwe la nyikani, jekundu, lisilopatikana Uhumbi. Wahumbi walisimama kwenye vizingiti vyao na kuwatazama wakipita, na wengine waliogopa, kwa maana hawakuwa wamewahi kuwaona kwa karibu. Mwili wa Mtemi ulitolewa, ukawekwa juu ya ardhi mahali palipochaguliwa, na mtu wa kwanza alipoinama kuweka jiwe lake Mzee Shigela alisogea mbele akanyoosha mkono.

"Hapana," alisema. "Mtemi asiyefunikwa na udongo hajazikwa. Hawa wanamrundikia mawe kama wanaziba shimo la fisi. Ardhi haijafunguliwa, Nyamizi. Tutapandaje?"

"Mzee wangu," Nyamizi alisema, "tuliwaomba watuzikie. Hatukuwaomba watuige."

"Sheria ilisema ardhi ifunguliwe."

"Sheria ilitungwa ili asiyelia amweke mtemi mahali pake. Tazama. Huyu hapa halii." Alimwonyesha yule Mseto aliyekuwa ameinama, jiwe bado mikononi. "Kama unaye Mlonge asiyelia, mlete. Kama huna, nikuombe umwache ndugu yangu apumzike. Mimi nimechoka kumfukiza."

Alisema maneno hayo ya mwisho kwa sauti ndogo sana, lakini watu waliyasikia. Shigela alimkazia macho, kisha akautazama ule mwili ulioviringishwa, na mkono wake ukashuka. Waseto wakaweka mawe. Walimjengea Luhende kilima kidogo chekundu, wakamwaga maziwa juu yake, na Gidamasi akamwambia maiti kwamba hakumpenda akiwa hai na kwamba sasa hana sababu ya kumchukia. Hapakuwa na utani wa Walonge. Kila mtu alisikia pengo hilo, na wengi walilia zaidi kwa ajili yake.

Walipomaliza watu walisimama, hawajui wafanye nini. Mvua ilikuwa imekaribia kiasi kwamba harufu yake ilifika. Mzee Shigela aligeuka akaenda nyumbani kwake. Muda si muda walimwona akitoka na jembe, akaelekea shambani. Wengine wakamfuata.

Nyamizi alimvika Masalu simbi, nao Wahumbi wakaanua matanga. Walipokuwa wameanua hawakuwa wafiwa tena, na mikono yao ikawa huru kushika jembe la kaburi. Basi jambo la kwanza alilofanya Mtemi Masalu lilikuwa kuwachukua watu wake hadi Ulonge, nyuma ya mlima, kumchimbia kaburi mtemi wa huko, ambaye na yeye alikuwa amengoja ndani ya moshi. Walimtania vilivyo. Walonge walipouliza imekuwaje, na waliposikia habari za Waseto, baadhi yao walinuna na kusema wameletewa mke mwenza. Lakini mzee mmoja wa Kilonge aliwauliza: kama si huyo mke mwenza, mtemi wetu aliyezikwa leo angezikwa na nani?

Kisha Nyamizi akashuka nyikani. Masalu alimsindikiza mpaka mtoni, na pale akalia kama mtoto, akisema nchi imempata mtemi na kumpoteza shangazi. Nyamizi alimwambia ajifunze jina la yule Mseto aliyekuja kukaa kwake na majina ya watu wake, na asimwache mtu yeyote amlenge mtu asiyemjua. Akavuka.

Waseto walimpa mahali pa kukaa. Alipowaambia kwamba hawezi kulala katika nyumba isiyo na nguzo, na nguzo haisimami bila shimo, walishauriana. Mwishowe wakazungusha miiba kuzunguka kiwanja chake, wakasema ndani ya miiba hii ni Uhumbi, chimba utakavyo, sisi hatutaona. Alichimba shimo la nguzo, na baadaye akalima mboga. Mseto aliyeingia mle aliufuata mwiko wa milimani, naye Nyamizi akitoka nje alifuata mwiko wa nyikani, asiguse ardhi hata kwa kidole. Kwa sababu hiyo hadi leo kiwanja cha balozi huhesabiwa kuwa nchi ya kwao, ingawa kimezungukwa na nchi ya wengine.

Alikaa huko miaka mingi. Vijana wa Uhumbi walipogombana na vijana wa Waseto mtoni, na waligombana mara nyingi, yeye na yule Mseto aliyekaa milimani walikutana katikati, wakataja majina mpaka hasira ikapoa. Aliwazalisha wanawake wa Kiseto. Aliwasuka binti zao nywele na kuwagombeza kwa uvivu. Alimzika Gidamasi, akiwa ameshika jiwe lake mwenyewe, maana Waseto nao walikuwa wamejifunza kuzikiwa na asiyelia, na siku ile bado yeye ndiye aliyekuwa mgeni.

Na siku moja Nyamizi akafa, ndani ya miiba yake, akiwa mzee sana.

Habari ilipopanda mlimani Wahumbi walinyoa vichwa, maana aliyemvika mtemi simbi huliliwa na kuzikwa kama mtemi. Mtemi Masalu, naye akiwa na mvi, alishuka na watu wake kwenda kuwaomba Waseto wamzike shangazi yake, kama walivyomzika baba yake. Lakini walipofika walisimama nje ya miiba wakiwa wameduwaa. Waseto wote waliokuwa pale, wazee kwa vijana, walikuwa wamenyoa vichwa. Wanawake walikuwa wamejipaka majivu. Hakuna aliyekuwa na jiwe begani.

"Tungewazikia mtu wenu," mwana wa Gidamasi alimwambia Masalu, na hakuweza kumtazama usoni. "Lakini huyu ni mama yetu. Sisi ni wafiwa."

Hapo ndipo Masalu alipoelewa jambo ambalo wazee wa baraza hawakuwahi kuliona. Walidhani Uhumbi ilikwama mwaka ule kwa sababu ya homa. Kumbe ingekwama tu siku yoyote, kwa kuwa rafiki mwema hamalizi maisha yake akiwa mgeni. Ukiishi naye vizuri anakuwa ndugu, na akiwa ndugu atalia pamoja nawe, na anayelia hawezi kukuzika. Masalu aliketi chini akalia bila kujificha. Kisha akawatuma watu wawili, Mhumbi na Mseto, waende pamoja hadi Ulonge.

Walonge walikuja na majembe yao. Hawakuwahi kukanyaga nyika ile, nao Nyamizi walimjua kwa jina na kwa sifa tu. Waseto waliwaangalia wakipita na vyuma vile vya kuchana ardhi, wakawafungulia mwanya kwenye miiba. Walichimba ndani ya kiwanja chake, karibu na mboga, na walipokuwa wakichimba mmoja wao alianza kumtania marehemu, kwamba kawakusanya watu wa pande tatu na hakumpikia hata mmoja. Waseto hawakuwa wamewahi kusikia mtu akimfanyia mzaha maiti. Walishtuka. Halafu mwanamke mmoja aliyejipaka majivu akacheka, wakacheka wote, na jioni hiyo Walonge na Waseto walikula chungu kimoja kwa mara ya kwanza.

Na tangu siku hiyo nchi haijaacha kutafuta rafiki mpya. Hupeleka wajumbe wakati wa shibe, kabla ya msiba, kwa watu wasiofanana nao na wasionyeshewa na mvua ileile. Huacha mtu wake kwao akajifunze majina. Na mkuu wa nchi akifa, wageni kutoka mbali huja wakasimama karibu kabisa na kaburi, kila mmoja akifanya alivyofundishwa kwao. Watu wanapoguna, wakiuliza rafiki wa zamani amekosa nini hata atafutwe mwingine, waambiwe hajakosa lolote. Amekuwa ndugu, na siku hiyo naye atakuwa analia.